Poka ya mezani, poka ya shindano au mkeka: elfu tatu ya mwezi uiweke wapi?

Tuseme kodi ya nyumba umelipa, ada ya watoto imetoka, unga na mafuta vimo ndani, na bado umebakiwa na shilingi 3,000 ambazo hata zikipotea zote hakuna atakayelala na njaa. Unazitaka kwa mchezo. Ulinganisho huu ni wa mtu huyo, awe yuko Shela, Maweni au Kisumu Ndogo hapa Malindi, au yuko Lamu. Asiye na hizo 3,000 asikope ili azipate, wala asiziguse za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Naye asiyetaka kabisa kucheza kwa pesa aende moja kwa moja kwenye sehemu ya Bila pesa, ile ya komwe, kwa sababu poka inachezeka bila senti na utamu wake unabaki.

Njia tunazolinganisha ni tatu, mbili za poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, na moja ya mpira. Kuna poka ya mezani, ambapo kila kete mbele yako ni pesa na unaondoka saa unayotaka. Kuna poka ya shindano, ambapo unalipa kiingilio mara moja, unapewa kete zisizokuwa pesa, na unacheza hadi zikuishie au uwe wa mwisho kubaki. Na kuna mkeka wa mechi kwenye simu, ambao hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani siku ya Jumamosi.

Pesa ikitoka kwako inaingia kwa nani?

Hili ndilo swali la kuanza nalo, kabla ya kuuliza mchezo upi una raha. Kwenye poka unashindana na waliokaa nawe. Mwenye meza hachezi nawe. Anakata ada, ambayo kwenye kasino mara nyingi huwa kama asilimia 5 ya chungu (madau yote yaliyokusanyika katikati ya meza) hadi kikomo fulani, na mkicheza nyumbani hakati chochote. Kwa hiyo aliye hodari kuliko wenzake anaweza kumaliza mwaka akiwa mbele. Kwenye mkeka unashindana na kampuni iliyokwisha kujikatia sehemu yake ndani ya odi, ile namba inayozidisha dau lako ukipatia, kabla hujabonyeza kitu.

Gurudumu la kasino (ruleti) tulitaje tuliache. Lenye sifuri moja lina vyumba 37 lakini hulipa kama lina 36, hivyo kasino inabaki na asilimia 2.70 ya kila dau. Lenye sifuri mbili, asilimia 5.26. Hakuna mpango wa kuweka dau unaobadilisha hesabu hiyo, hata ule wa kuongeza maradufu kila ukipoteza. Michezo ya simu inayomalizika kwa sekunde chache ni hatari zaidi hata ikiwa makato yake yanafanana, kwa sababu ya kasi. Dau la 50, mizunguko 240 kwa saa, makato ya asilimia 3: unaacha wastani wa shilingi 360 kila saa. Elfu tatu ya mwezi mzima haivuki saa tisa za kubonyeza. Humo hamna cha kujifunza, kwa hiyo hatuihesabu kama chaguo.

Mkeka: mahali pesa inapovujia

Chukua mechi moja. Wenyeji wamepewa odi 1.85, sare 3.40, wageni 4.20. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata asilimia 54.1, 29.4 na 23.8. Zijumlishe. Zingekuwa odi za haki ungepata 100. Hapa unapata karibu 107.3. Hiyo saba iliyozidi ndiyo sehemu ya kampuni, na maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi hiyo, takriban 93 ndizo zinazorudi kwa wachezaji.

Saba kwa mia si nyingi sana ukiichukua mechi moja. Tatizo ni kuunganisha. Kila mechi unayoongeza kwenye mkeka inakatwa tena, juu ya kile kilichokatwa mwanzo. Kwa makato hayohayo, mkeka wa mechi tano una thamani ya shilingi 70 kwa kila 100 ulizoweka, na mkeka wa mechi kumi una thamani ya kama 50. Watu husema mkeka umechanika kwa timu moja, kana kwamba ni bahati mbaya ya dakika ya 90. Ukweli ni kwamba nusu ya thamani yake ilikuwa imeondoka kabla refa hajapuliza filimbi ya kwanza. Jakipoti ya mechi 17 ina njia 129,140,163 za kujazwa, kwa maana kila mechi ina matokeo matatu. Tunawasihi sana vijana wanaoinunua kila wiki waiangalie namba hiyo polepole, tarakimu moja moja.

Halafu kuna kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, serikali inakata asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine ya unachotoa. Ingiza 1,000 na kuitoa bila kucheza hata mechi moja, utabaki na kama 902. Viwango hivi hubadilika karibu kila bajeti ya Juni, kwa hiyo viangalie upya kila mwaka. La kufanya ni kutoingiza na kutoa ovyo ovyo. Anayeingiza 200 asubuhi, akatoa 300 mchana, akaingiza tena 200 usiku, analipa kodi kila mlango anaopita.

Je, kuna namna ya kubeti kwa akili? Ipo, na inahitaji subira. Cheza mechi moja kwa mkeka. Chagua ligi moja unayoifuata kwelikweli, ujue nani majeruhi na nani amecheza katikati ya wiki. Linganisha odi za kampuni mbili au tatu zenye leseni, kwani tofauti inayoonekana ndogo ndiyo inayoamua. Mfano: umeweka shilingi 100 kwenye mechi 100, na umepatia 53. Kwa odi 1.85 unarudishiwa 9,805 na umepoteza 195. Kwa odi 1.92 unarudishiwa 10,176 na umepata faida ya 176. Mechi ni zilezile, ujuzi ni uleule. Kilichobadilika ni mahali ulipoweka.

Ukubwa wa dau nao una kanuni, iliyoandikwa mwaka 1956 na John Kelly wa maabara za Bell nchini Marekani. Toa 1 kwenye odi, zidisha kwa nafasi unayoamini ya kushinda, toa nafasi ya kushindwa, kisha gawanya kwa ile odi uliyotoa 1. Kwa odi 2.10 na nafasi ya asilimia 50: 1.10 mara 0.50 ni 0.55, ukitoa 0.50 inabaki 0.05, ukigawanya kwa 1.10 unapata kama asilimia 4.5. Kwenye 3,000 hiyo ni shilingi 136. Na kwa kuwa makadirio yetu huwa na matumaini kupita kiasi, wazoefu hutumia robo ya jibu: shilingi 34. Jibu likitoka chini ya sifuri, mechi hiyo haina dau la busara, hata kama ni timu yako. Anayeona 34 ni pesa kidogo mno kwa raha anayoitafuta, bora ahamie kwenye karata.

Poka: usiyoweza kukaa mezani bila kuyajua

Tunazungumzia Texas Hold'em, ndiyo inayochezwa zaidi duniani na ndiyo iliyo rahisi kuanza nayo. Inatumia karata 52, jokari zinawekwa kando. Kila mtu anagawiwa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa tano za wote katikati ya meza: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kuna raundi nne za dau: baada ya karata za siri, na baada ya kila mfunuo. Mwishoni kila aliyebaki anaunda karata tano bora kutoka kwenye saba alizonazo.

Ili chungu kisianze kitupu, wawili walio kushoto kwa mgawaji hulipa dau la lazima, wa kwanza nusu na wa pili kamili. Zamu inayofuata ya kugawa inasogea mtu mmoja kushoto, ili kila mmoja alipe kwa zamu yake. Zamu ikikufikia una mambo matatu ya kufanya: kuzitupa karata, kufuata dau lililowekwa, au kupandisha. Ikiwa hakuna aliyeweka dau mbele yako, unaweza kupita bila kulipa.

Nguvu za karata, kutoka chini: karata kubwa peke yake, jozi, jozi mbili, tatu sawa, mfuatano wa tano, tano za aina moja (kopa tupu, shupaza tupu, uru tupu au pau tupu), tatu kwa jozi, nne sawa, na juu kabisa mfuatano wa aina moja. Wanaoanza hubishana sana kuhusu mfuatano na kopa tupu, ipi inaila nyenzake. Uhaba ndio unaoamua. Katika mikono 2,598,960 ya karata tano inayowezekana, mifuatano ya kawaida ni 10,200, na tano za aina moja ni 5,108 tu. Iliyo adimu zaidi inashinda.

Kosa kubwa la mgeni ni kucheza kila mkono anaogawiwa. Jozi ya siri huja mara moja katika mikono 17, na ree (A) mbili mara moja katika 221, kwa hiyo muda mwingi una takataka mkononi na kazi yako ni kuzitupa bila kinyongo. Meza ya watu sita, ukicheza mkono mmoja kati ya minne au mitano umecheza vya kutosha. Karata zinazodanganya wengi ni ree yenye mwenzake mdogo, kama ree na tatu. Mwenye ree na mfalme akiwepo, wewe unashinda kama mara moja kati ya nne, na kwa bahati mbaya hata zile tatu unazoshindwa unazilipa kwa furaha, kwa sababu ree imefunuka mezani na unaona umefika. Jozi ndogo, tuseme tano mbili, chezea kwa bei rahisi tu: zinageuka tatu sawa kwenye mfunuo wa kwanza kama mara moja katika nane na nusu.

Nafasi uliyokaa ina thamani kama karata zenyewe. Anayecheza mwisho ameona wenzake wote wamefanya nini kabla ya kutoa shilingi. Kwa hiyo ukiwa wa kwanza kucheza punguza mikono, ukiwa wa mwisho ongeza.

Sasa mkono mmoja kwa karibu, kwa maana hapa ndipo poka inapoachana na bahati nasibu. Una ree ya kopa na tisa ya kopa. Mezani pamefunuliwa mfalme wa kopa, nne ya kopa na saba ya pau. Kopa moja zaidi na una mkono usioshikika kirahisi. Chungu kina 400, na mmoja tu amebaki nawe, anaweka 200. Ufuate?

Hesabu bei kwanza. Unatakiwa kulipa 200 ili kukipata chungu ambacho sasa kina 600. Ukilipa, jumla ni 800, na 200 ni robo yake. Kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara 25 kwa mia. Kisha hesabu nafasi. Kopa ziko 13, unaziona nne, zimebaki tisa kati ya karata 47 usizoziona. Kwa karata moja inayofuata hiyo ni asilimia 19. Haifiki 25. Wengi husema, "Lakini karata ziko mbili bado, nafasi yangu ni 35!" Ni kweli ni 35, ila karata ya pili si ya bure, huyo jamaa atakutoza tena. Kulipa 200 hapa kuna maana kama unaamini kopa ikifunuka atakulipa wastani wa shilingi 245 nyingine juu ya hizo 600. Kama ni mtu anayezitupa mara tu anapoona kopa ya tatu mezani, usifuate. Kama ni mtu asiyeamini mtu, fuata.

Njia ya haraka ya kichwani: hesabu karata zinazokufaa, zidisha kwa 2 ukingoja karata moja, kwa 4 ukiwa na uhakika wa kuziona zote mbili. Karata nane za kukamilisha mfuatano uliofunguka pande zote: 16 kwa moja, 32 kwa mbili. Nne tu, kama pengo liko katikati ya mfuatano: 8 na 16. Bei nazo ni chache za kukariri. Akiweka nusu ya chungu unahitaji 25 kwa mia, akiweka chungu kizima 33, akiweka mara mbili ya chungu 40.

Kutishia kuna hesabu yake pia, na ni fupi. Ukiweka 200 kwenye chungu cha 400 huku huna kitu, unapata faida ikiwa mwenzako anazitupa zaidi ya mara moja kati ya tatu. Ndiyo maana usimtishie anayefuata kila kitu: kwa mtu huyo weka dau kubwa ukiwa nazo kweli, na ukiwa huna pita. Watu hupoteza pesa nyingi kwa kujaribu kuwa wajanja mbele ya mtu ambaye hata hatazami wanafanya nini.

Mezani au kwenye shindano?

Shindano la watu tisa, kiingilio 500 kila mmoja, linakusanya 4,500. Mgawanyo wa kawaida wa nusu, thelathini na ishirini kwa mia unampa wa kwanza 2,250, wa pili 1,350, wa tatu 900. Kila mtu aanze na kete 1,500 na dau la lazima 10 kwa 20, lipandishwe kila dakika 15: 15 kwa 30, 25 kwa 50, 50 kwa 100, 75 kwa 150, 100 kwa 200, 150 kwa 300, 200 kwa 400. Kwa mpangilio huo mnamaliza baada ya saa mbili au zaidi kidogo. Mkiacha kupandisha dau la lazima kwa wakati, mtakesha. Mkilipandisha kila dakika tano, karata zinaanza kujichezea zenyewe na aliyejifunza hana faida juu ya aliyekaa jana.

Uzuri wa shindano ni kwamba hasara inajulikana kabla hujakaa. Ni 500, haiwi 501. Ubaya ni kwamba sita kati ya tisa wanarudi mikono mitupu, na unaweza kuwa hodari ukatoka mikono mitupu usiku minne mfululizo bila kosa lolote. Uchezaji nao ni tofauti. Kete zikikushukia chini ya mara kumi ya dau kubwa la lazima, acha kufuatafuata. Ama zitupe, ama sukuma zote kabla ya mfunuo, uwaachie wengine uamuzi mgumu. Wanaosubiri ree mbili hapo humalizwa na dau la lazima tu, kidogo kidogo.

Meza ya pesa ina uhuru zaidi na ina mtego zaidi. Dau la lazima halipandi, kwa hiyo unaweza kutulia ungoje mkono mzuri, na hapo ndipo ustadi unapolipa vizuri kwa muda mrefu. Mtego ni kiingilio cha pili, cha tatu, cha nne. Mtu amepoteza 500, anatoa nyingine ili azirudishe, sasa anacheza mikono ambayo saa moja kabla angeitupa. Kwa bajeti ya 3,000 tungepanga hivi: dau la lazima 5 kwa 10, kiingilio 500, nyongeza moja tu ya 250, kisha unainuka. Mara nne kwa mwezi ni 3,000 kamili. Kete za mtu mmoja ziwe 20 za shilingi 5, 20 za 10 na nne za 50. Ukigawa kete kubwa peke yake, watu wanashindwa kutoa chenji na kila mkono unachukua dakika kumi.

Ugomvi mwingi nyumbani hautokani na wizi. Unatokana na mambo matatu ambayo hayakusemwa mwanzo. La kwanza ni mtu kuishiwa kete katikati ya mkono. Ali ana 200 tu na anaziweka zote, Bakari na Charo wana 500 kila mmoja na wanaendelea. Ali hawezi kushinda zaidi ya alichoweka kutoka kwa kila mmoja, kwa hiyo chungu cha kwanza kina 600, kila mtu 200, na wote watatu wanakigombea. Kilichozidi, 300 za Bakari na 300 za Charo, ni chungu cha pembeni cha 600 ambacho Ali hana haki nacho hata akiwa na nne sawa. Vitenganishwe mezani palepale, visiachwe vikachanganyika. La pili ni kuweka dau kwa vipande: mtu anasukuma 50, anamtazama mwenzake usoni, anaongeza 100. Kubalianeni kwamba unachosema au unachosukuma mara ya kwanza ndicho dau. La tatu ni deni. Pesa ya kiingilio iwe mezani kabla ya kugawa, na hakuna kukopeshana hadi mchezo uishe. Katika mji ambao mtu unakutana naye msikitini, sokoni na kwenye harusi ya binamu yake, deni la karata la 800 linaharibu zaidi ya 800.

Tahadhari ya sheria: kamari Kenya ni kwa aliyefikisha miaka 18, na anayeiendesha kama biashara anahitaji leseni. Siku mwenyeji atakapoanza kukata ada kwenye chungu au kukaribisha wapita njia kwa malipo, amefungua kasino bila kibali. Chai na mahamri mchangie kando, nje ya chungu.

Poka ya intaneti tungeiacha kwa sasa. Mezani mnacheza mikono 25 au 30 kwa saa, kwenye simu ni 60 na zaidi, kwa hiyo na hasara inakimbia. Huwaoni wenzako, huwezi kujua kama wawili wanaambiana karata, na umeme ukikatika au mtandao ukizima ukiwa katikati ya chungu, karata zako zinaweza kutupwa pesa ikiwa imeshaingia.

Bila pesa: seti moja ya bao inatosha

Waislamu wengi wa Lamu na Malindi hawachezi kwa pesa kwa sababu dini imeikataza kamari waziwazi, katika Sura ya Al-Maida aya ya 90, na sisi hatumshawishi mtu kulivuka hilo. Aliye na swali kuhusu karata zenyewe amuulize mwalimu wake. Kwa wanaocheza bila dau, mfumo huu unafanya kazi vizuri. Seti ya bao ina komwe 64. Kwa watu wanne, kila mmoja apewe komwe 16 zenye thamani ya pointi 5, na vifuniko vya soda 20 vyenye thamani ya pointi 1. Jumla ni pointi 100 kwa kila mtu, na komwe zote 64 zimetumika. Dau la lazima liwe 1 kwa 2, lipandishwe baada ya kila mzunguko wa tatu wa kugawa.

Udhaifu wa kucheza bila pesa ni mmoja: watu husukuma komwe zote kwa mkono wowote, kwa kuwa hakuna linalouma. Dawa yake ni daftari. Andikeni nafasi ya kila mtu kila usiku, wa kwanza pointi 4, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne sifuri, mjumlishe kwa mwezi mzima. Mtu akishajua jina lake litasomwa la mwisho mbele ya wenzake, anaanza kuzitupa karata mbovu. Na hii ndiyo shule bora hata kwa atakayecheza pesa baadaye.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Meza ya pesa | Shindano | Mkeka wa mechi moja | Mkeka wa mechi kumi |
|---|---|---|---|---|
| Anayekata | Nyumbani hakuna. Kasino kama 5% ya chungu | Nyumbani hakuna | Kampuni kama 7%, na kodi | Kampuni kama nusu, na kodi |
| Hasara ya usiku mmoja | Unaiamua wewe, ukiweza kuinuka | Kiingilio tu | Dau tu | Dau tu |
| Ustadi unalipa? | Sana, polepole | Ndiyo, kwa kuyumba sana | Kidogo, kwa bidii kubwa | Hapana |
| Muda | Unavyotaka | Saa 2 hadi 3 | Dakika 90 | Wikendi nzima |

Kwa anayeanza, tunachagua shindano la nyumbani la 500, mara nne kwa mwezi. Hiyo ni 2,000, na elfu moja iliyobaki isitafutiwe kazi. Meza ya pesa ni ya yule ambaye ameshajithibitishia kwamba anaweza kuinuka akiwa amepoteza, na hilo hujui hadi limekutokea. Mkeka mchukue anayependa mpira kuliko karata na yuko tayari kuweka dau la shilingi thelathini au arobaini kwa mechi moja, akiandika kila moja: tarehe, odi, nafasi aliyoikadiria kabla ya mechi, na matokeo. Baada ya mechi 100 atazame zile alizozipa nafasi ya 60 kwa mia. Kama zilizopatikana ni 50 kwa mia, makadirio yake yana kasoro ya kumi, na hakuna odi sokoni inayoweza kuifidia kasoro hiyo.

Na kwa njia yoyote utakayochukua, siku utakapoficha kiasi ulichopoteza kwa mke, mume au mama yako, au kugusa pesa ya ada ukiahidi kuirudisha Jumatatu, simamisha mchezo mwezi huo na umwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi chenyewe, kwa namba.